Hatua Tano Nyuma ya Mzee Pinto

Tulipotoka kumchoma rafiki yetu Jitu kwa mila ya Kihindu, tulipandishwa kwenye ukumbi mmoja juu ya duka la sari, karibu na stesheni ya Rayners Lane, hapa London, tukapewa chai ya maziwa na kachori. Gurdip, ambaye siku hizi miguu imemwacha lakini mdomo bado una injini ya lori, akainuka na fimbo zake mbili akawaambia watoto na wajukuu wa marehemu kwamba mwaka ule tuliocheza mpira wa Kimarekani ulikuwa mwaka mtamu kuliko yote ya ujana wetu, na kwamba Bwana Hollis, yule mwalimu wa mpira aliyetoka Marekani akaja kumtazama Jitu, alikuwa muungwana aliyetutendea wema. Watu wakapiga makofi. Nikairudisha kachori sahanini. Mie ni mtu wa kucheka, kila anayenijua anajua hivyo; nimecheka hospitali nikiwa na mirija puani, na siku ya harusi yangu nilicheka mpaka shehe akauliza kama nimekubali au nimeshikwa na degedege. Siku ile sikucheka. Nilikwenda chooni nikanawa uso mara tatu, na bado mdomoni nilikuwa na ladha ya mtu aliyelamba betri.

Kinyaa hicho si kigeni kwangu. Kila wikiendi mjukuu wangu Imran, anayeelewa Kiswahili chote na hajibu hata neno moja kwa lugha hiyo, hukaa sebuleni kwangu kutazama mpira wa vyuo vya Marekani, ule wa mpira wenye ncha mbili na wanaume wenye helmeti wanaogongana kama mabasi. Nimemkataza, hasikii. "Granddad, it's only football." Basi nami hukaa nikatazama, nikaumia. Siku hizi karibu kila chuo kinacheza kwa kutawanya: wachezaji hawarundikani katikati kama zamani, wanatandazwa upana wote wa uwanja, na yule kwotabeki, mtu anayeamua mpira uende wapi, husimama nyuma peke yake akarushiwa. Imran hunieleza tofauti kana kwamba nimezaliwa jana. Chuo hiki hutawanya watu ili kwotabeki apate wengi wa kuwarushia. Chuo kile hutawanya ili katikati papwaye, kwotabeki apenye mwenyewe kwa miguu. Cha kwanza husaka mkono, cha pili husaka mapaja. Kisha huja kipindi cha kusajili, na hapo ndipo sivumilii: wanaume wazima wanapima kiganja cha mtoto wa miaka kumi na saba, wanataja urefu wake na uzito wake, na mama yake kakaa pembeni anatabasamu kama anayeuza kochi. Mie huzima televisheni. Imran huiwasha.

Mwaka ninaousema ni ule waliofukuzwa Wahindi wa Uganda. Mie nilikuwa nimetangulia London kutoka Unguja, nafanya ukarani kwenye ghala la biskuti, na jioni nasoma uchoraji wa majengo kwenye chuo cha jioni. Nilipanga chumba kwa Ma Shirin, mjane wa Mombasa, juu ya duka la viatu. Vitanda vitatu, jiko moja la mafuta ya taa, na ukuta uliokuwa ukitoka jasho kuliko sisi tuliolala humo. Nguo ukiitundika Jumatatu, Alhamisi unaichuma uyoga. Lakini mezani, lo! Ma Shirin alipika mbaazi za nazi, na nazi yenyewe ilikuwa kipande kigumu kama sabuni ya kufulia, akikikwangua kwa kisu huku akiitukana serikali ya Uingereza. Jumapili alikaanga mahamri, na harufu yake ilishuka mpaka stesheni. Wallahi niliwahi kuona treni imechelewa kuondoka.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Gurdip, Singasinga wa Nakuru, fundi magari. Cha tatu kikaja kushikwa na Jitu. Alifika na mkoba mmoja na sweta la msaada lililomfika magotini. Alikulia Tanga, akaenda Kampala kusomea uinjinia, akamaliza mwaka wa pili, halafu ikaja amri ya kufukuzwa, na vyeti vyake vikabaki mikononi mwa askari kwenye njia ya Entebbe. Jitu hakuwa na haja ya kitu kingine duniani ila kumaliza uinjinia ule. Aliandikia vyuo, na kila chuo kikamjibu kwa adabu kubwa kwamba kitafurahi kuona vyeti.

"Abbas bhai," aliniambia, maana aliniita kaka kwa Kihindi chao, "nimewaandikia kwamba vyeti anavyo askari. Wananiuliza anwani ya askari."

Mpira ulituingilia kwa mlango wa darasa langu la uchoraji. Alikuwamo humo mwanajeshi wa Kimarekani, Sajenti Dale, kutoka kambi yao iliyokuwa vituo vichache mbele yetu. Kambini walikuwa na timu lakini hawakuwa na wa kucheza naye, Waingereza waliwakimbia. Dale akazunguka darasani na kwenye kantini akiomba watu kumi na mmoja kama mtu anayeomba damu. Akapata Wagujarati, Wagoa, Wazanzibari wawili watatu, na Gurdip. Tulikuja na helmeti za kuazima, na helmeti ya Gurdip ikakataa katakata kukaa juu ya kilemba, kwa hiyo akawekwa mbali kabisa pembezoni mwa uwanja, asikoweza kugongwa na mtu. Mwingine alikuwa na miwani, naye akapelekwa pembezoni upande wa pili. Wa tatu alikuwa na kifua kibovu, naye akasogezwa mbali na msongamano. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumetawanyika kuliko nguo kwenye kamba, na Dale amejishika kichwa.

Jitu akafanywa kwotabeki kwa sababu ya mkono wake. Alikuwa mchezaji wa kriketi, akirusha kutoka ukingoni mwa uwanja. Mpira alioutupa yeye ulikwenda juu ukatafakari mambo ya dunia, kisha ukashuka kwenye kifua chako kama mtoto aliyesinzia. Tatizo lilikuwa senta. Senta ndiye anayeinama juu ya mpira katikati ya mstari na kuurudisha nyuma, na kwa desturi ya wakati ule kwotabeki alisimama amembana kabisa kwa nyuma, mikono ameiweka chini ya makalio ya senta, akaupokea hapo hapo. Senta wetu alikuwa Mzee Pinto, Mgoa wa umri wa baba zetu, aliyekuwa mwalimu mkuu Dar es Salaam na sasa ameshika funguo za chuo cha jioni na ufagio wake. Alikuwa na mwili wa kabati. Akainama. Jitu akabaki amesimama, mikono mgongoni.

"Weka mikono chini yake," Dale akamwambia.

"Siwezi, Sajenti."

"Huwezi nini?"

"Huyu ni mzee."

Mzee Pinto akasema bila kuinuka, "Jitu, mwanangu, weka basi. Kiuno kinaniuma."

"Hapana, Mzee. Mie nitasimama huku."

Akahesabu hatua tano nyuma, akasimama. Na kwa kuwa hakuweza kuanza kazi na mzee bila kumwamkia, kila mara kabla ya mpira kuja aliita kwa sauti, "Shikamoo, Mzee!" na Mzee Pinto, kichwa chini, aliitikia, "Marahaba!" na kwenye hiyo marahaba mpira ukaruka nyuma. Wanajeshi wa kambini walikuwa wamezoea mpira urudishwe kwa namba zinazohesabiwa kwa sauti. Walisikia salamu, wakangoja namba, na walipokuwa bado wanangoja Gurdip alikuwa ameshafika mwisho wa uwanja na kilemba chake, anapunga mkono. Mambo mengine yote Jitu aliyaita kwa Kiswahili, kwa heshima zake. "Kaka Gurdip, mpaka kwenye ule mti, tafadhali! Abbas, katisha kushoto!" Tuliwafunga mara mbili. Kwa hesabu yangu tuliwashinda kwa pointi mia. Refa aliandika kumi na nne, lakini yule alikuwa askari wao.

Mie sikuwa mkimbiaji. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kuchora. Kila mchezo tuliouvumbua niliuweka kwenye karatasi kwa wino, duara kwa watu wetu, msalaba kwa watu wao, mishale ya kila atakayekimbia. Mwalimu wetu wa chuo cha jioni alikuwa na ugonjwa wa kutosifu, alitazama kazi yangu ya mwezi mzima akasema, "Futa wino kidoleni." Michoro ya mpira hakuna aliyeniambia nifute. Nilifikisha karatasi arobaini, nikawa nazitazama kabla ya kulala kama mwenzangu atazamavyo picha ya mchumba.

Dale akamwandikia shemeji yake, Hollis, aliyefundisha mpira kwenye chuo kimoja huko kwao ambacho jina lake sitaki kulitia mdomoni. Hollis akaja kumtembelea dada yake, mke wa Dale, na Jumamosi akaletwa uwanjani. Alikuwa mrefu, mweupe wa meno, anatafuna kijiti. Alitazama dakika kumi. Kisha akamwita Jitu, akamshika kiganja, akakitandaza juu ya rula. Akambonyeza bega. Akamzungusha taratibu, nyuma, mbele, kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi, na kila alichokiona alikiandika kwenye kijitabu. Akamuuliza kama anakula nyama. Jitu akasema hali. Hollis akaandika na hilo. Halafu akamwita Sultani, na tangu hapo hakumwita kwa jina lingine. Sisi tulisimama pale tumechekelea, mie mbele ya wote.

Ma Shirin alimkaribisha chakula cha mchana, biriani ya kuku na ya mboga mbali, vyombo vya wageni vimeshushwa kabatini. Hollis alikula kwa uma kama anayetafuta sindano. Akatueleza kwamba chuo chake nacho kinatawanya wachezaji, lakini kwotabeki wake haendi popote, anabaki amembana senta. Mpira kurushwa nyuma hatua tano ni hatari, utapotea. Chuo kingemsomesha Jitu chochote atakacho, uinjinia ukiwemo, vyeti si kitu, mkono ule ndio cheti. Ila lazima aone kama anaweza kupokea mpira kwa karibu. Kwotabeki anayeona haya kumgusa senta, yeye Hollis hawezi kumpeleka kwa wakubwa wake. Jumamosi ijayo tumwonyeshe.

Jitu hakumaliza sahani yake. Siku mbili baadaye nilikuwa kwenye ngazi nikamsikia Mzee Pinto jikoni, amekuja na kofia mkononi.

"Dada Shirin, huyu mtoto nimfanyeje? Nimemwambia mie nimekubali."

"Mwambie afumbe macho aweke. Akishakuwa injinia atakuja kukuomba radhi."

"Radhi anayo. Lakini na mimi je? Miaka ishirini wanafunzi walisimama nikiingia darasani. Nitainama pale, yule bwana anatazama..." Mwiko ukazunguka sufuriani. "Basi. Nitainama. Si kwa yule bwana."

Jumamosi ilikuwa baridi, nyasi zimekauka kwa theluji. Mzee Pinto alikuja amenyoa, amevaa tai ndani ya sweta. Jitu alimwendea mbele yetu sote, akainama akamgusa miguu kwa mikono miwili, akajigusa paji la uso, kama wanavyofanya kwao mbele ya baba. Kisha akazunguka nyuma, akaweka mikono. Hollis alicheka. Sisemi alitabasamu, alicheka mpaka kijiti kikamtoka mdomoni, akamwita Dale aje aone Sultani anavyosali kabla ya kazi. Dale alitazama viatu vyake. Jitu akapokea mpira, akarudi nyuma, akaurusha kwa Gurdip, na sijaona mpaka leo mpira uliorushwa vizuri kama ule, na Imran amenionyesha elfu moja. Alirudia mara sita. Mara zote sita ulifika. Mzee Pinto alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu, akaenda zake bila kungoja chai.

"Wewe ni mtu wangu," Hollis akamwambia Jitu, akamkamata mkono. "Usiandikishe jina lako kwingine kokote. Barua itakuja kabla ya Pasaka." Halafu akaniona na karatasi zangu kwapani. "Nani kachora hivi?" Nikasema mie. Akazipekua moja moja, polepole, akapiga mluzi. "Kijana, sijaona mkono kama huu." Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu nitie mguu nchi hii. Nikamviringishia karatasi zote arobaini, nikazifunga na utepe, nikampa, ili wakubwa wake waone jinsi Jitu anavyofanya kazi. Niliona nimemtia Jitu sukari kwenye chai yake.

Wiki mbili baadaye politekniki moja, chuo cha ufundi cha hapa hapa London, pekee iliyokubali kumfanyia Jitu usaili bila vyeti, ikamwandikia kwamba imemkubali. Ajibu kabla mwezi haujaisha. Aliiweka barua mezani katikati ya sahani za mbaazi, tukaitazama kama kuku aliyeingia mwenyewe.

"Nenda," Ma Shirin akasema hapo hapo. "Hii ina muhuri. Ya yule mtafuna vijiti ina upepo."

"Amenishika mkono, Ma," Jitu akasema.

"Hata daktari wa meno hunishika kidevu."

Jitu akanigeukia. "Abbas bhai, wewe unasemaje?"

Nilisema. Mungu wangu, nilivyosema! Nikamjengea chuo chenye mabwawa mawili ya kuogelea, maabara zenye lifti, maprofesa wanaokuja uwanjani kumpigia makofi. Nikamwambia politekniki ni chuo cha jioni kilichoamka mapema. Nikamwambia Mmarekani akikuambia usiandikishe kwingine na ukaandikisha, atajua, wana njia zao. Gurdip alicheka, Jitu akacheka, nami nikazidi. Akaandika kukataa. Kiingereza cha barua ile nilikisahihisha mie, nikakitia mapambo.

Pasaka ikaja ikapita. Jitu alipata kazi ya kuosha mabasi, akawa anarudi anapekua barua kwenye mkeka wa mlangoni na mikono yenye sabuni. Uwanjani hatukwenda tena, kwa sababu Mzee Pinto alisema kiuno kimekataa, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwomba mwingine ainame mahali pake.

Barua ikaja asubuhi moja, Jitu bado amelala. Ilikuwa na jina langu. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi. Hollis aliandika kwamba wameujaribu mtindo wetu, kwotabeki hatua tano nyuma ya senta, watu wametandazwa, na hakuna timu inayojua la kuufanya. Kwotabeki wamempata kijana wa jirani, mkono mzuri, mla nyama. Michoro yangu imewaacha walimu wenzake midomo wazi; ni mikono michache duniani inayochora hivyo. Je, ningeweza kumchorea mingine mitatu, hasa ule ambao mtu wa kushoto anakatisha, maana alikuwa ameusahau? Nimsalimie Sultani.

Jioni nilimpa Jitu aisome, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwa mdomo. Aliisoma mara mbili. Ma Shirin alisimama na mwiko mkononi. Jitu akaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akanirudishia.

"Utawachorea?"

"Mie? Kwanza nikatwe mkono!" nikasema. "Nikatwe yote miwili!"

Akatikisa kichwa kukubali, akavuta sahani, akala. Kesho yake alikwenda politekniki, wakamwambia nafasi imeshapewa mwingine na mwaka ujao watahitaji kuona vyeti. Septemba akaja kukaa dawati la pembeni yangu, kwenye chuo cha jioni, mtu aliyemaliza miaka miwili ya uinjinia, akafundishwa kuchonga penseli. Miaka thelathini akachora mifereji ya maji machafu ya halmashauri, na kila mchoro ukatiwa saini na injinia. Gurdip, aliyeyaona yote hayo, bado anasimulia wema wa Hollis, maana yeye anakumbuka mabao tu, na mie huwa naitikia.

Ile jioni Jitu aliyoniuliza, michoro mitatu ilikuwa imeshaondoka na posta kwenda kwa Hollis. Niliichora saa ya mapumziko kazini, nimekosa chakula kwa ajili yake, kwa wino mpya na rula, na mtu wa kushoto anakatisha kwa mshale uliopinda vizuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Pembeni, chini, kwa herufi ndogo ndogo, nilitia jina langu.